Kupunguza si Kukimbia: Kililana, Karafuu na Hisa ya Shilingi Tano

Agosti 2021 nilikuwa barazani na ami yangu, nyumbani Kililana, tunaangalia bei ya hisa kwenye simu yangu kama watu wanaoangalia mechi. Safaricom ilikuwa imefika shilingi 44. Ami alikuwa na hisa 8,000. Nikapiga hesabu kwa simu, nikamwonyesha: 352,000. Akaitazama ile namba, akacheka kidogo, akaniambia, "Mwanangu, ikifika 50 tutauza."

Haikufika 50.

Septemba 2023 zile hisa 8,000 ziliuzwa zote kwa siku moja, kwa bei ya karibu shilingi 14. Zikaleta kama 112,000 kabla ya kamisheni ya dalali. Nusu ilienda kwa mashine ya boti iliyokufa wakati wa kusi, nusu ikaenda kwa deni la karo yangu. Mwaka uliofuata sikurudi chuo. Na kozi niliyokuwa nasoma ilikuwa uhasibu. Ndiyo, cheka tu, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Sina kinyongo na kampuni. Haikutuahidi kitu. Bei ya hisa inapanda na inashuka, ndiyo kazi yake. Kosa lilikuwa letu wenyewe: tulikuwa na hisa iliyoshinda, lakini hatukuwa na uamuzi. "Ikifika 50 tutauza" haikuwa uamuzi. Ilikuwa dua.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu hili swali moja: hisa yako ikipanda, unapunguza lini? Nikasoma habari za watu wa Nairobi, nikasoma za Marekani, na mwisho nikagundua kitu cha ajabu. Sisi wa pwani tumeulizwa hili swali zamani sana, kabla hata ya Soko la Hisa la Nairobi kuwepo. Tuliulizwa kwa karafuu. Na huku Kililana tukaulizwa kwa ardhi. Kwa hiyo leo nataka tupite kwenye historia kidogo, halafu turudi kwa simu yako.

Tahadhari kabla hatujaanza: mimi si mshauri wa fedha. Mimi ni kijana aliyeacha chuo, ana simu na ana daftari. Chukua inayokufaa.

Ardhi: hisa ya kwanza ya Kililana

Ukipita leo kutoka Hindi kwenda bandarini unaona lami, unaona malori, na ukifika mbele unaona mashine kubwa za kunyanyulia kontena zimesimama juu ya maji ya Manda. Mtoto aliyezaliwa juzi atadhani pamekuwa hivyo siku zote. Lakini hapa palikuwa mashamba. Mahindi, ufuta, mihogo, minazi, miembe. Hakuna mtu aliyekaa akahesabu eka moja ni shilingi ngapi, kwa sababu eka ilikuwa chakula, si bei.

Halafu ikaja habari ya bandari. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, reli, barabara na bomba la mafuta kuunganisha nchi tatu. Gati 32 kwenye ramani. Na ramani yenyewe ilikuwa imekaa juu ya mashamba yetu.

Hapo ndo ardhi ikawa hisa. Watu ambao hawajawahi kufika huku wakaanza kuulizia mashamba. Bei ikapanda mwaka hadi mwaka, na serikali ilipokuja kulipa fidia hesabu ilikuwa shilingi milioni 1 na nusu kwa eka. Fikiria mzee ambaye shamba lake la eka kumi halikuwa limewahi kumpa hata laki mbili kwa mwaka.

Sasa, nimekua nikiwaona watu wa aina tatu. Sitaji jina la mtu. Ukiwa wa huku utawajua, na usipokuwa wa huku hawakuhusu.

Wa kwanza waliuza zote mapema. Mtu alikuja na pesa mkononi kabla mradi haujaanza, bei ilionekana kubwa kuliko chochote walichowahi kushika, wakatia sahihi. Miaka michache baadaye wanapita nje ya shamba lililokuwa lao, na bei imekuwa mara nyingi ya waliyopata. Hawa wana maumivu ya aina yake. Ukikaa nao hawazungumzi kitu kingine.

Wa pili walikataa kuuza hata hatua moja. Si kwa ujinga, wallahi. Shamba lina makaburi ya wazee, lina miembe aliyopanda babu. Lakini ilipofika siku ya kuchukuliwa kwa ajili ya mradi, ilichukuliwa yote kwa mara moja, na pesa zikaingia zote kwa mara moja, kwa mtu ambaye hajawahi kupanga matumizi ya hata robo yake. Wengine walifanya vizuri. Wengine pikipiki, gari, harusi, na mwisho nyumba ya kupanga.

Wa tatu ndo wachache. Hawa bei ilipoanza kupanda walitoa sehemu wakabaki na sehemu. Eka tatu zikauzwa, saba zikabaki. Zile za tatu zikawa vyumba vya kupangisha Mokowe, au boti ya pili, au ng'ombe, au ada ya mtoto. Baadaye bei ilipopanda zaidi walikuwa bado wana kitu mkononi. Na fidia ilipochelewa, hawakuwa na njaa.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa wa tatu aliyepata bei ya juu kabisa kwa kila eka. Hilo likae kichwani, nitalirudia.

Lakini niseme ukweli wote, kwa sababu historia ya Kililana si hadithi ya watu wajanja na watu wasio wajanja. Wengine hawakupewa nafasi ya kuchagua. Wavuvi hawakuuza bahari. Ilichimbwa, ikafukiwa, na mahali pa kutega pakaisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na gati ya kwanza ikafunguliwa tarehe 20 Mei 2021 huku kuna watu bado wanasubiri. Mvuvi hana kitufe cha "uza" cha kubonyeza asubuhi akiwa amekaa barazani.

Wewe mwenye hisa unacho. Ndo maana inaniuma nikiona mtu anacho halafu hakitumii kwa kufikiri. Ami yangu alikuwa nacho. Mimi nilikuwa nimekishika mkononi.

Karafuu: watu walioweka yote kwenye mti mmoja

Twende kusini kidogo, safari ya jahazi ambayo watu wa Amu wameifanya karne na karne. Unguja.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Sayyid Said, sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, aliona karafuu inalipa. Wakati ule ilikuwa na bei kali duniani. Yeye na matajiri wengine wakaanza kupanda. Kazi ya kulima na kuchuma ilifanywa na watumwa, na hilo lazima lisemwe kila mara karafuu inaposifiwa. Baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilikuwa inatoka Unguja na Pemba.

Sasa angalia kilichofuata. Kila mtu alipoona mkarafuu unashinda, kila mtu akapanda mkarafuu. Mashamba ya vyakula na minazi yakapungua. Karafuu zikawa nyingi sokoni, na kufikia miaka ya 1840 na 1850 bei ikawa imeanguka vibaya. Wenye mashamba wengi wakakopa pesa kwa matajiri wa Kihindi wa mjini, wakaweka shamba rehani. Yaani mali iliyowatajirisha ndiyo hiyohiyo waliyoikopea.

Halafu mwaka 1872 kikaja kimbunga. Mikarafuu ya Unguja iling'olewa kwa wingi sana. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndo imekuwa kisiwa cha karafuu.

Mwenye shamba Unguja peke yake aliamka asubuhi hana kitu. Mwenye shamba Unguja na Pemba aliamka amepoteza nusu. Wote wawili hawakujua kimbunga kinakuja. Hakuna aliyetabiri. Tofauti yao haikuwa akili ya kutabiri, ilikuwa ni vile walivyogawa.

Ungedhani somo lilieleweka. Miaka mia baadaye Zanzibar ilikuwa bado imeegemea zao lilelile, na safari hii mteja mkubwa alikuwa mmoja: Indonesia, ambako karafuu inatiwa ndani ya sigara zao za kreteki. Pesa zikaja. Lakini Waindonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na miaka ya 1980 wakaacha kuhitaji ya kwetu kwa kiasi kile. Bei ikaporomoka. Safari hii hakukuwa na kimbunga wala mti uliong'oka. Sababu tu iliyofanya karafuu ishinde ilikuwa imeondoka.

Hizo ni hatari mbili tofauti, na zote zipo kwenye hisa. Moja ni kimbunga: kitu usichokiona kinakuja. Ya pili ni ile ya Indonesia: sababu ya kushinda inaisha polepole mbele ya macho yako, na wewe bado unaangalia bei ya mwaka jana.

Shilingi tano

Sasa turudi Kenya. Mwaka 2006 serikali iliuza sehemu ya KenGen kwa watu wa kawaida, shilingi 11.90 kwa hisa. Siku ya kwanza sokoni bei ikapaa hadi karibu 40. Nchi nzima ikaingiwa na wazimu wa hisa. Makarani, walimu, mama mboga, kila mtu akawa anazungumza habari za dalali. Kama ulinunua KenGen na hukuuza hata moja, ujue kufikia mwaka 2023 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Hiyo kampuni haikufa. Inazalisha umeme hadi leo. Bei tu ndiyo iliyokuwa imetangulia mbele sana siku ile ya kwanza.

Machi 2008, wino wa mapatano ya Kibaki na Raila ukiwa haujakauka, ikaja Safaricom. Serikali iliuza hisa bilioni 10, asilimia 25 ya kampuni, shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Foleni zikazunguka mabenki. Watu walichukua mikopo kununua. Maombi yakazidi sana hisa zilizokuwepo, wengi wakapata sehemu ndogo ya walizoomba na wakangoja kurudishiwa pesa iliyobaki.

Tarehe 9 Juni 2008 ikaingia sokoni na kupanda juu ya shilingi 7. Kuna watu waliuza zote wiki hiyo wakaondoka na faida yao. Halafu dunia ikapata msukosuko wa fedha, na mwanzoni mwa 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliokopa walilia. Wengi wakauza kwa hasara wakaapa hawatagusa hisa tena.

Ami yangu, sifa zake nimpe, alifanya kinyume. Alikuwa na chache za 2008, na 2009 pesa ya kamba ilipokuwa nzuri akaongeza, akaongeza tena, hadi 8,000. Zote kwa pamoja hazikumgharimu hata 40,000. Halafu akanyamaza. Miaka minne bei haikwenda mbali, na yeye akakaa. Huo uvumilivu mimi sina.

Na ulilipa. Hisa ikavuka 5 tena, M-Pesa ikawa sehemu ya maisha ya kila mtu, 2017 ikavuka 20, 2018 ikafika karibu 30, na 2021 ikapita 40. Kila mwaka mgao unaingia. Ami akawa mtu wa kuulizwa maswali msikitini baada ya swala.

Halafu mambo mawili yakatokea, na ukiyaangalia vizuri utaona karafuu. Kwanza, 2022 riba ya Marekani ikapanda, na wawekezaji wa nje walioshika hisa nyingi za Nairobi wakauza wakarudisha pesa kwao, huku shilingi yetu inadhoofika. Hicho ni kimbunga, hakikuwa kosa la kampuni. Pili, kampuni ilikuwa imeingia Ethiopia: leseni ya dola milioni 850 mwaka 2021, huduma kufunguliwa Oktoba 2022. Mradi kama huo unakula pesa miaka mingi kabla ya kulipa. Unaweza kuupenda au usiupende, lakini hisa uliyoshika 2022 haikuwa tena hisa ile ya 2017. Sababu za kuishika zilikuwa zimebadilika, na sisi hatukukaa hata jioni moja tukajiuliza.

Mwisho wa hadithi unaujua. Shilingi 14.

Hesabu niliyoifanya nimechelewa

Usiku mmoja baada ya kuacha chuo nilichukua daftari nikajiuliza: vipi kama ami angepunguza tu, bila kutabiri chochote?

Tuseme angejiwekea sharti rahisi. Bei ikifika 20, uza 2,000. Ikifika 30, uza 2,000. Ikifika 40, uza 2,000. Zinazobaki 2,000 ni za wajukuu, haziguswi.

Kwa 20 angepata 40,000. Tayari pesa yake yote aliyoweka imerudi nyumbani, na bado ana hisa 6,000. Kwa 30 angepata 60,000. Kwa 40, 80,000. Jumla 180,000 mkononi. Halafu bei inaanguka hadi 14, zile 2,000 zilizobaki ni 28,000. Jumla kuu 208,000.

Linganisha. Angeuza zote kwa 20 mwaka 2017: 160,000. Alivyouza kweli, zote kwa 14: 112,000. Angeuza zote kwa 44: 352,000, lakini hiyo tuiweke pembeni, kwa sababu anayejua kilele ni yule anayeangalia nyuma tu.

Zingatia: yule mwenye 208,000 angekuwa na majuto mara tatu. Alipouza kwa 20 ikapanda 30, angejuta. Alipouza kwa 30 ikapanda 40, angejuta. Na zile 2,000 zilizobaki zilipoanguka, angejuta kwa nini hakuziuza. Kupunguza ni kukubali majuto madogo kila mara ili ukwepe lile moja kubwa. Ni kama wale watu wa tatu wa Kililana: hakuna eka waliyoiuza kwa bei ya juu kabisa, na hakuna siku waliyoamka hawana kitu.

Tofauti kati ya 208,000 na 112,000 ni 96,000. Kwangu mimi hiyo haikuwa namba ya kwenye karatasi. Ilikuwa mwaka wa tatu wa chuo.

Basi unapunguza lini?

Sitakupa bei. Mtu akikupa bei, muulize yeye ameuza lini. Nitakupa maswali manne ninayojiuliza mimi, na historia imeyajaza majibu.

La kwanza: imekuwa sehemu gani ya mali yako yote? Hapa ndipo hisa inayoshinda inakudanganya kimyakimya. Una 10,000 kwenye hisa moja na 30,000 kwingine. Hisa ni robo ya mali yako. Ikipanda mara tatu inakuwa 30,000, na kwingine hakujabadilika. Sasa ni nusu. Hukununua hata moja zaidi, lakini nusu ya maisha yako imehamia hapo yenyewe. Mimi mpaka wangu ni theluthi. Kitu kimoja kikivuka theluthi ya nilicho nacho, napunguza hadi kirudi, hata kama nakipenda. Wewe weka wako, lakini uandike.

La pili: hiyo pesa unaihitaji lini? Karo ya Septemba haitakiwi kuwa kwenye hisa mwezi wa Agosti. Pesa yenye tarehe itolewe mapema, mwaka mmoja au miwili kabla, bei iwe nzuri au ya kawaida. Sisi tulikuwa na kijana anaingia chuo 2021 na hisa iko 44. Swali la soko lilikuwa gumu, swali la nyumbani lilikuwa jepesi: toa karo ya miaka minne, zinazobaki ziache zikimbie. Hatukuuliza swali jepesi kwa sababu tulikuwa tunashindana na lile gumu.

La tatu: sababu iliyonifanya ninunue bado ipo? Hii ndiyo ile ya Indonesia. Andika sababu siku unayonunua, mstari mmoja tu. Kila miezi sita soma. Kama sababu imeondoka, bei si hoja tena, hata kama umeshinda. Na kama sababu ipo na imekuwa na nguvu zaidi, usiuze eti kwa vile imepanda. Waliouza Safaricom yote kwa 7 mwaka 2008 walikuwa na faida, na bado walikosa safari yote iliyofuata.

La nne: ikianguka nusu kesho asubuhi, kuna mtu nyumbani atalala njaa au atakosa shule? Kama jibu ni ndiyo, umechelewa. Punguza leo.

Na kuhusu gharama, usijitishe. Kwa hapa Kenya faida ya kuuza hisa za sokoni haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, kwa hiyo unalipa kamisheni ya dalali na ada ndogondogo tu. Usiuze hisa kumi kila wiki ukailisha kamisheni, lakini pia usijifiche nyuma ya gharama.

Ukisema ni woga wa watu wadogo, mtazame mwenye hisa mkubwa. Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikabaki na 35, ikala mgao miaka yote hiyo. Desemba 2025 ikatangaza mpango wa kuwauzia Vodacom asilimia 15 kwa shilingi 34 kila hisa, karibu bilioni 204, na kubaki na 20. Kelele zikawa nyingi: wengine wanasema ni bei rahisi, wengine wanasema ni mali ya umma isiuzwe. Huo mjadala ni muhimu na sina nafasi ya kuumaliza hapa. Ninachotaka uone ni umbo lake tu. Mara zote mbili haikuuza yote. Hata mtu akibishana na bei, serikali bado iko ndani.

Daftari

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani ni methali ya wenye maduka.

Mwaka 2024, na pesa ya kwanza niliyolipwa kwa video, nilinunua hisa 300 za Safaricom kwa karibu shilingi 15. Kama 4,500. Kicheko tena, najua. Lakini niliandika kwenye daftari siku ileile: kwa nini nanunua, mpaka wangu ni theluthi, na ikikaribia mara mbili natoa theluthi moja. Mwaka uliofuata ilipofika 28 hisa zilikuwa zimevuka theluthi ya kila nilicho nacho, kwa hiyo nikauza 100. Zikanipa 2,800, nikanunua kipaza sauti ninachotumia hadi leo. Miezi michache baadaye nikasikia ile habari ya 34. Nikajiona mjinga siku mbili nzima. Siku ya tatu nikafungua daftari, nikaona nimefanya nilichosema nitafanya, na hisa 200 bado ziko.

Nilimwonyesha ami. Yeye ni nahodha, amesafiri na tanga tangu mdogo. Akaniuliza kwa nini niliuza wakati inapanda. Nikamuuliza, upepo wa kusi ukizidi nguvu na chombo kinakwenda kasi, mbona unateremsha tanga kubwa na kupandisha dogo? Si ndo kwanza mnakwenda vizuri?

Akanyamaza muda. Akasema, "Kwa sababu nataka kufika."

Halafu akaniomba kalamu. Ana hisa 500 alizonunua tena mwaka jana, na hakuwa ameandika chochote.